Watoto wa darasa la kwanza waelezwe nani aliyeandika sheria ya utengano

Kila inapotoka habari kutoka Marekani kwamba kitabu cha watoto kuhusu Martin Luther King kimelalamikiwa, au kwamba filamu kuhusu Ruby Bridges, mtoto mweusi aliyeingia shule ya wazungu mwaka 1960, imesimamishwa katika shule ya msingi, habari hiyo hutufikia ikiwa imefupishwa hadi sentensi moja: Wamarekani wamepiga marufuku historia ya watu weusi. Sentensi hiyo huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi huko, na wengi wetu huipokea bila kuuliza swali la pili. Si sahihi. Sheria zinazozungumzwa hazisemi popote kwamba mtoto asifundishwe habari za utengano wa rangi. Florida, jimbo linalotajwa kuliko yote, limekuwa na sheria tangu 1994 inayozitaka shule za umma zifundishe historia ya Wamarekani weusi, na sheria hiyo haijafutwa. Kilichobadilika tangu 2021 ni kwamba majimbo kadhaa, yakiwemo Tennessee, Texas na Florida, yametunga sheria zinazomwachia mwalimu nafasi ya kusema kilichotokea, ila zinamtia hofu pale anapofika kwenye swali la nani alikifanya na kwa nini. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba kwa mtoto wa miaka 6 au 7, swali hilo la nani na kwa nini ndilo somo lenyewe, na kwamba somo lililonyimwa jibu lake linaweza kumdhuru mtoto kuliko kutofundishwa kabisa.

Tuanze na maneno ya sheria, kwa sababu wanaozipinga na wanaozitetea huzinukuu kwa kukisia. Sheria ya Florida ya 2022 inakataza mafundisho yanayodai kwamba mtu anapaswa kujiona ana hatia, au kuwa na uchungu na fadhaa ya nafsi, kwa sababu ya matendo ya zamani yaliyofanywa na watu wa rangi yake. Ukiisoma peke yake, ni kanuni ambayo mwalimu mwema yeyote angeikubali. Hakuna anayesimama mbele ya watoto wa darasa la pili na kuwaambia kwamba wao ndio waliomzomea Ruby Bridges. Tatizo linaanza pale kanuni hiyo inapotoka kwenye karatasi na kuingia mikononi mwa watu. Mwaka 2021, katika kaunti ya Williamson, Tennessee, tawi la kundi la wazazi liitwalo Moms for Liberty liliandikia wizara ya elimu ya jimbo kulalamikia masomo ya darasa la pili yaliyozungumzia Ruby Bridges, King na maandamano ya Washington. Katika mjadala wa kaunti hiyo, miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa ni kwamba kitabu kimoja kilitaja kundi kubwa la wazungu wenye hasira lisilotaka watoto weusi katika shule ya wazungu. Wizara iliyatupa malalamiko hayo, lakini kwa sababu ya utaratibu tu: masomo yalikuwa yamefundishwa kabla sheria haijaanza kutumika. Swali la msingi likabaki bila jibu, na mwalimu aliyelisoma jibu la wizara hakujua kama mwaka unaofuata angekuwa salama. Kisha Januari 2025 ikaja amri ya rais dhidi ya kile ilichokiita ufundishaji wa itikadi kali mashuleni, na Machi mwaka huo huo nyingine iliyolenga makumbusho ya Smithsonian. Amri za namna hii hazihitaji kumfukuza mtu kazi ili zifanye kazi yake. Mwalimu wa watoto wadogo, ambaye hana mtihani wa historia unaomlazimisha kulifikia somo hilo, huliruka tu na kwenda kwenye hesabu.

Basi tuulize utengano wenyewe ulikuwa nini, na watoto walikuwa wapi ndani yake. Mwaka 1892 huko New Orleans, Homer Plessy, mtu ambaye kwa kumtazama hungejua kwamba alikuwa na asili ya Kiafrika, alikaa kwenye behewa la wazungu na kukataa kuondoka. Miaka minne baadaye, katika kesi yake, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watu si kuwavunjia haki, ilimradi vyumba, mabehewa na shule walizotengewa ziwe sawa. Hazikuwa sawa hata siku moja. Uamuzi huo wa 1896 ulidumu hadi tarehe 17 Mei 1954, mahakama hiyo hiyo ilipoamua kwa kauli moja ya majaji wote tisa kwamba katika elimu ya umma kutenga kwenyewe ni kukosesha usawa. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Oliver Brown wa Topeka, Kansas, ambaye bintiye Linda alikuwa akisafiri hadi shule ya weusi ya Monroe ilhali shule ya Sumner, ya wazungu, ilikuwa karibu na nyumbani kwao. Wanasheria walioiendesha, wakiongozwa na Thurgood Marshall, walipeleka mahakamani ushahidi ambao haukuwa wa kawaida, nao ulitokana na watoto wa umri wa chekechea.

Ushahidi huo unastahili kutazamwa kwa karibu, maana unagusa moja kwa moja hoja ya umri, ile isemayo kwamba watoto hawa ni wadogo mno kwa somo hili. Kenneth na Mamie Clark, mke na mume, wote wawili wanasaikolojia, waliwapa watoto weusi wa kati ya miaka 3 na 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, kisha wakawauliza maswali mepesi: nipe mwanasesere mzuri, nipe anayeonekana mbaya, nipe yule unayependa kucheza naye. Kati ya watoto 253 wa utafiti uliochapishwa mwaka 1947, takriban theluthi mbili walichagua kucheza na yule mweupe, na zaidi ya nusu walisema yule mwenye rangi ya kahawia ndiye anayeonekana mbaya. Swali la mwisho liliwataka waonyeshe ni yupi anayefanana nao. Wako walioangua kilio, wako waliokimbia kutoka chumbani. Wakosoaji wamesema tangu zamani, na wana haki, kwamba watoto wa Massachusetts waliosoma shule za mchanganyiko walijibu vivyo hivyo, kwa hiyo jaribio halikuthibitisha madhara ya shule za kutengwa peke yake. Lakini kwa mjadala wetu upungufu huo unaongeza uzito: hata pale ambapo sheria haikuwatenga, na ambapo mtu mzima hakuketi nao kuwasomesha ubaguzi, watoto wa miaka 3 walikuwa wameshajifunza nani mzuri na nani mbaya. Walijifunza kwa kutazama nani anaishi wapi, nani anamfanyia nani kazi, na nyuso za nani zimechorwa vitabuni.

Hapa ndipo hoja ya kwanza ya wapinzani inapoyumba, ile isemayo kwamba mtoto mdogo haoni rangi mpaka afundishwe kuiona. Imepimwa na haikusimama. Watoto wachanga wa miezi 3 tayari hutazama kwa muda mrefu zaidi nyuso za watu wa rangi wanayoizoea nyumbani kuliko nyingine. Huo si ubaguzi, wala hakuna anayedai hivyo. Ni mazoea ya macho. Lakini unaonyesha kwamba mtoto anapofika darasa la kwanza ana miaka sita ya kutazama, na kwamba anachokosa ni maelezo. Maelezo atayapata, kama si kwa mwalimu basi kwa mtu mwingine, na sina ushahidi wa jambo hilo ulio wazi kuliko maisha ya Ruby Bridges mwenyewe.

Ruby alizaliwa Septemba 1954, miezi minne hivi baada ya hukumu ya Brown. Tarehe 14 Novemba 1960, akiwa na miaka 6, alipelekwa shule ya William Frantz huko New Orleans akiwa amezungukwa na maofisa wanne wa serikali ya shirikisho, baada ya kuwa mmoja wa watoto weusi sita waliofaulu mtihani uliowekwa kwa ajili ya kuingia shule za wazungu. Wazazi wake hawakumweleza kinachoendelea. Aliambiwa tu kwamba anakwenda shule mpya na kwamba awe na adabu. Alipouona umati ukipiga kelele na kurusha vitu alidhani ni sherehe za Mardi Gras, kwa kuwa katika mji ule hizo ndizo kelele alizozizoea. Siku ya kwanza alishinda katika ofisi ya mkuu wa shule, akiwatazama wazazi wa kizungu wakiwatoa watoto wao. Kuanzia hapo alisoma peke yake darasani mwaka mzima na mwalimu mmoja, Barbara Henry, aliyetoka Boston. Mwanamke mmoja alikuwa akitishia kumtilia sumu, kwa hiyo alikula chakula cha nyumbani tu. Mwingine alimwonyesha mwanasesere mweusi ndani ya jeneza. Baba yake, Abon, alipoteza kazi, na babu na bibi yake waliokuwa wakilima shamba la watu huko Mississippi walitimuliwa. Katika yote hayo, Ruby ameeleza mara nyingi akiwa mtu mzima, hakujua kwamba jambo lenyewe lilihusu rangi yake. Alilijua siku alipokutana na watoto wachache wa kizungu waliokuwa wamefichwa upande mwingine wa jengo, na mvulana mmoja akamwambia kwamba mama yake amemkataza kucheza naye, akalitaja na lile neno la matusi ambalo Wamarekani weusi waliitwa nalo.

Tuitafakari hali hiyo kidogo. Watu wazima wote waliomzunguka Ruby, wenye kumpenda na wenye kumchukia, walikaa kimya au walipiga kelele. Mtu wa kwanza kumpa maelezo alikuwa mtoto wa rika lake, na maelezo aliyokuwa nayo ni matusi aliyoyapokea kwa mama yake. Wazazi wa Ruby siwalaumu hata kidogo, maana walikuwa wakimkinga mtoto wao kwa namna waliyoiweza, huku mkate wa nyumba ukiwa umeshaondoka. Lakini wale wanaotaka leo tuufuate ukimya huo kama kanuni ya malezi wanapaswa kusema ni nani watakayemwachia kazi ya kueleza.

Ipo pia namna nyingine ya kuijibu hoja ya umri, nayo ni kuhesabu umri wa waliokuwamo. Barbara Johns alikuwa na miaka 16 tarehe 23 Aprili 1951 alipowaongoza wanafunzi zaidi ya 450 wa shule ya Moton, Farmville, Virginia, kutoka madarasani, kwa sababu shule iliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi 180 ilikuwa imeongezewa mabanda ya mbao na karatasi za lami ili iwameze wote. Kesi yao ikawa mojawapo ya zilizounganishwa katika hukumu ya Brown. Claudette Colvin alikuwa na miaka 15 alipokataa kumpisha mzungu kiti katika basi la Montgomery, Alabama, miezi tisa kabla ya Rosa Parks kufanya vivyo hivyo. Mei 1963 huko Birmingham, zaidi ya watoto elfu moja walitoka katika kanisa la Mtaa wa 16 kuandamana na mamia yao wakakamatwa siku hiyo hiyo, na waliofuata wakakutana na mbwa na mabomba ya zimamoto ya Bull Connor, mkuu wa usalama wa mji. Audrey Faye Hendricks, mwenye miaka 9, alikaa rumande kwa wiki nzima. Harakati hizi kwa sehemu kubwa zilibebwa na watoto, na ni jambo gumu kulitetea kwamba tukio lililofanywa na mtoto wa miaka 9 lisisimuliwe kwa mtoto wa miaka 9.

Wapinzani wenye akili wana jibu kwa hayo, nalo si dogo. Watasema kwamba mtoto kulazimika kupitia jambo si sababu ya mtoto mwingine kulazimika kulisikia. Kwamba vita navyo huwakuta watoto, na bado hatuwaonyeshi wengine picha za maiti. Nakubali. Ningekubali zaidi kama ulinzi huo ungekuwa wa watoto wote. King, katika barua aliyoiandika akiwa jela ya Birmingham mwaka huo wa 1963, alieleza jinsi ulimi wa mzazi unavyokuwa mzito anapomweleza bintiye wa miaka 6 kwa nini hawezi kwenda Funtown, bustani ya michezo aliyoiona ikitangazwa kwenye televisheni, na jinsi machozi yanavyomjaa mtoto anapoambiwa kwamba watoto weusi hawaruhusiwi. Huyo hakupewa fursa ya kusubiri mpaka akomae. Tunapozungumzia umri unaofaa, kwa kawaida tunazungumzia umri unaofaa kwa mtoto ambaye jambo halikumgusa, na ni vyema tuseme hivyo waziwazi kabla ya kuligeuza kuwa kanuni ya wote.

Hoja inayosikika zaidi, nayo kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote, ni ile ya hatia: kwamba mtoto wa kizungu akisikia kilichotokea atajichukia, na mtoto mweusi atawachukia wenzake. Ingekuwa kweli ingeonekana ilipopimwa. Julie Hughes, Rebecca Bigler na mwenzao walichapisha mwaka 2007 utafiti uliofanywa kwa watoto wa kati ya miaka 6 na 11, weusi na wazungu. Kundi moja lilifundishwa maisha ya Wamarekani weusi mashuhuri bila kutaja ubaguzi waliokutana nao. Kundi la pili likafundishwa maisha hayo hayo pamoja na ubaguzi. Watoto wa kizungu walioelezwa habari za ubaguzi ndio waliotoka na mtazamo mwema zaidi juu ya watu weusi, na watoto weusi wa makundi hayo mawili hawakutofautiana katika mtazamo wao juu ya wazungu. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini wanaodai kinyume hawajaleta hata huo mmoja.

Nadhani naelewa kwa nini matokeo yalikuwa hivyo. Mwambie mtoto wa darasa la kwanza kwamba zamani watu weusi walikuwa hawaruhusiwi kunywa maji kwenye bomba lile, kisha unyamaze. Akili ya umri huo haiachi pengo wazi, italijaza. Kama hakuna aliyekataza, basi lazima iwe kuna kitu ndani ya watu weusi kilichosababisha wakatazwe, na kama waliokataza ni wazungu tu, bila majina wala vyeo, basi wazungu wote ndivyo walivyo. Hitimisho zote mbili ni mbaya na zote mbili zinatokana na rangi kuachwa ndiyo maelezo pekee. Lakini mwambie kwamba walikuwepo wabunge wa majimbo walioandika kwamba shule ziwe mbili, hakimu aliyekubali, dereva wa basi aliyeita polisi na mwenye duka aliyetundika kibao, na kwamba walikuwepo watu wengine walioandika kinyume, wakashitaki, wakasusia na wakashinda. Hapo rangi inabaki kuwa kisingizio kilichotumiwa, na kilichotenda ni maamuzi ya watu. Na wazungu katika simulizi hiyo si kundi moja. Barbara Henry alikuwa mzungu. Mchungaji Lloyd Foreman, ambaye alimshika mkono binti yake wa miaka 5 akapita naye katikati ya umati ule ule ili aendelee kusoma shule ya Frantz, alikuwa mzungu. Mtoto wa kizungu anayesikia habari za umati akasikia na habari za mchungaji ana watu wawili wa kujilinganisha nao. Sheria inayomfanya mwalimu aogope kuutaja umati inamwondolea na mchungaji pia, kwa sababu ushujaa wa kupita katikati ya watu wasiotajwa haueleweki.

Upande wa pili una hoja moja ambayo sitaki kuipita haraka, kwa sababu walimu wenye nia njema ndio wanaoipa nguvu. Yapo masomo ya ubaguzi yanayoumiza. Tarehe 5 Aprili 1968, siku iliyofuata kuuawa kwa King, mwalimu Jane Elliott wa Riceville, Iowa, aliwagawa wanafunzi wake wa darasa la tatu kwa rangi ya macho, akawapa upendeleo wenye macho ya aina moja na kuwadhalilisha wengine, kisha akageuza. Zoezi hilo limesifiwa dunia nzima, na mimi sioni kwamba linafaa kwa watoto wa miaka 8. Mwalimu alitumia imani waliyokuwa nayo kwake kuwadanganya kwamba wao ni duni, na hakuna mzazi aliyeulizwa. Walimu walioiga baada yake wamefanya mabaya zaidi, wengine wakifikia kuigiza minada ya watumwa darasani huku watoto weusi wakiwa ndio wanaonadiwa. Mzazi anayelalamikia jambo kama hilo yuko sahihi kabisa. Vivyo hivyo kwa picha ya Emmett Till ndani ya jeneza lake, mvulana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955: mama yake aliamua dunia iione, na ulimwengu wa watu wazima ulipaswa kuiona, ila mtoto wa darasa la kwanza asionyeshwe. Somo linaweza kuwa la kweli bila kuwa la kutisha, na kazi ya kupanga nini kisemwe mwaka gani ni ya walimu wanaozijua akili za watoto, si ya mahakama wala ya mikutano ya hadhara ya usiku.

Lakini hofu ya kuumiza ndiyo iliyotuletea simulizi tamu ambayo karibu kila mtoto wa Marekani anaijua: Rosa Parks, mshonaji aliyechoka kwa kazi za mchana kutwa, alikataa kusimama, King akasema ana ndoto, sheria mbaya ikaondoka. Ni funika kombe mwanaharamu apite. Parks alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, tangu 1943, na miezi michache kabla ya tarehe 1 Desemba 1955 alikuwa amehudhuria mafunzo ya harakati katika shule ya Highlander, Tennessee. Usiku wa siku aliyokamatwa, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alichapisha maelfu ya vikaratasi vya kuwaita watu wasusie mabasi, akavigawa kulipopambazuka. Watu wakatembea kwa miguu siku 381. Na kilichovunja utengano wa mabasi kisheria ni kesi ya Browder dhidi ya Gayle, ambamo Claudette Colvin alikuwa mmoja wa walalamikaji. Hakuna lolote katika hayo lililo gumu kwa mtoto wa miaka 7. Vikaratasi anavielewa, kutembea kwenda kazini kwa sababu umelikataa basi anakuelewa vizuri kuliko anavyoielewa ndoto. Simulizi ya mshonaji aliyechoka inamfundisha kwamba haki hupatikana mtu mmoja mwema akichoka vya kutosha. Ile ya Montgomery yenyewe inamfundisha mkutano, kamati, karatasi na uvumilivu wa zaidi ya mwaka mzima.

Nawageukia sasa wazazi wanaozungumza Kiswahili huko Marekani, kwa kuwa kwetu ukimya una sura yake. Nimesikia mara nyingi, kwa watu ninaowaheshimu, kauli kwamba hayo ni ya Wamarekani weusi, sisi tulikuja juzi, watoto wetu wasibebeshwe mizigo ya watu. Mama mmoja kutoka Bukavu, anayeishi Kentucky, aliniambia kwamba alikuwa na msimamo huo mpaka binti yake wa darasa la pili aliporudi nyumbani akauliza wao wangekaa sehemu gani ya basi. Swali hilo lina jibu la historia. Sheria ya utengano haikuuliza mtu mweusi amezaliwa wapi. Na mlango wenyewe ambao wengi wetu tumeingilia ulifunguliwa na vuguvugu hilo: Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini Julai 1964, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura Agosti 1965, na miezi miwili baadaye, Oktoba 1965, ikafuata sheria ya uhamiaji iliyofuta mgawo wa mataifa uliokuwa ukipendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi. Uhusiano unakwenda na upande wa pili. Thurgood Marshall, yule yule wa kesi ya Brown, alikuwa London mwanzoni mwa 1960 katika mkutano wa Lancaster House kama mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akiandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya nchi ambayo ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika kila moja peke yake, kama ilivyokuwa Tanganyika. Babu wa mtoto wa Kitanzania aliyeko Dallas huenda alisoma katika mfumo huo. Anaweza kumsimulia mjukuu wake kwa simu, kwa Kiswahili, jambo ambalo mwalimu wake anaogopa kulisema kwa Kiingereza.

Ndiyo maana sikubaliani pia na pendekezo la maelewano linalosikika siku hizi, kwamba shule ziachane na somo hili hadi darasa la sita na kila mzazi aamue nyumbani. Linasikika la haki, lakini familia hazilingani. Iko familia yenye babu wa kusimulia, na iko familia ambayo babu alikuwa mmoja wa waliosimama kwenye umati. Mwaka 1959 kaunti ya Prince Edward, ile ya Barbara Johns, iliamua kufunga shule zake zote za umma kuliko kuwachanganya watoto. Watoto wa kizungu wakafunguliwa shule ya binafsi iliyosaidiwa kwa fedha za umma, na watoto weusi takriban 1,700 wakabaki bila shule mpaka 1964. Aliyekuwa na miaka 6 na hamu ya kuanza darasa la kwanza alikuwa na miaka 11 milango ilipofunguliwa. Hao leo ni babu na bibi, weusi na weupe, katika kaunti ile ile, na wajukuu zao wanakaa darasa moja. Kila mmoja akiachiwa nyumbani kwake ataletewa kisa tofauti, na mahali pekee ambapo wajukuu hao wanaweza kukisikia pamoja, kwa majina na tarehe, ni mbele ya mwalimu wao.

Kwa hiyo mzazi asisubiri habari nyingine ya kitabu kilichoondolewa ndipo asambaze ujumbe. Siku ya King huadhimishwa Jumatatu ya tatu ya Januari, na Februari ni mwezi wa historia ya watu weusi; walimu wengi hupanga masomo hayo kabla ya likizo ya Krismasi. Mwezi Novemba mzazi anaweza kumwandikia mwalimu wa mtoto wake mistari michache: kuuliza watasoma kitabu gani, kama kinaeleza nani aliyeandika sheria na nani aliyezifuta, na kumwambia kwamba angependa mtoto wake aelezwe yote mawili. Sheria za majimbo haya zimempa nguvu mzazi anayelalamika. Mzazi anayetaka somo liendelee hajanyimwa haki ya kuandika, na barua yake itamsaidia mwalimu siku atakapoulizwa na mkuu wa shule kwa nini alifungua ukurasa ule.